Mchele Huchaguliwa Mara Tatu

Maji yalikatwa Jumanne asubuhi, siku mbili kabla ya Pasaka ya Wayahudi, na Menashi hakushangaa. Wakubwa wa maji wana mwaka mzima wa kufukua mabomba yao, lakini wao huchagua wiki ile ile ambayo kila mwanamke wa mji wa Or Yehuda ana povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Ndivyo walivyo. Anayeoshewa vyombo na mwingine hajui maji ni nini.

Yeye alikuwa na mapipa manne uani, yamejaa tangu Jumapili. Fundi lipu aliyefanya kazi miaka arobaini haliamini bomba, kama asivyomwamini mtu yeyote mwenye meza na mhuri. Aliwahi kuwaamini. Miaka minne iliyopita waliliandika jina la mkewe, Marsel, kwenye orodha ya wanaosubiri kitanda, wakasema ataitwa. Wao hawakumwita. Aliitwa na Mwingine. Tangu hapo Menashi hujaza mapipa yake mwenyewe.

Kati ya majengo mawili alikuwa ameweka mawe matatu, na juu yake lile sufuria lake kubwa ambalo kila mwaka majirani huja kuchovyea vyombo vyao ndani ya maji yanayotokota, ili vyombo visibaki na hata kumbukumbu ya chachu, maana siku za Pasaka hailiwi, na ngano iliyolowa maji nayo ni chachu. Halipwi kitu, na akilipwa atakasirika. Pembeni, juu ya jiko la mafuta ya taa, alikuwa anapika ngano yake ya mwisho. Jiko lake la ndani alishalifunga tangu jana, limesuguliwa, limefunikwa, safi kuliko la mwanamke yeyote wa jengo lile, na hilo alilisema mwenyewe kwa yeyote aliyepita.

"Baba Naji, unajisifu mpaka sufuria linaona haya," sauti ilitoka juu, ikimwita Menashi kwa jina la mwanawe.

Hakuhitaji kuinua uso ili ajue ni nani, lakini aliuinua. Salha alikuwa ameegemea ukuta wa baraza la ghorofa ya kwanza, kitambaa cheupe kichwani, shavu moja lina alama ya sabuni. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, mjane wa miaka saba, na bado akikutazama hivyo unahisi kama shati lako limekosa kifungo.

"Mama Ilana, mimi sijisifu. Nasema ukweli kwa sauti kubwa."

"Maji yamekatwa."

"Nimesikia. Njoo uchukue kwenye pipa."

"Nitakwenda kwenye boza la maji la barabarani kama watu wengine."

"Foleni imefika kwa muuza magazeti."

"Basi nitasoma magazeti," akasema, na akaingia ndani.

Menashi alicheka peke yake, kisha kicheko kikafa. Leo ilikuwa Jumanne tayari. Wakati wa mvua kubwa, alipomaliza kuziba ukuta wa Salha uliokuwa ukivuja, alisimama mlangoni na mwiko mkononi akamwambia alichokuwa nacho moyoni. Salha hakucheka wala hakukasirika. Alimwambia: "Jibu utalipata kabla ya Pasaka. Kukuita ukae mezani kwangu kama maskini aliyefiwa, sitafanya. Nikikutengea sahani, haitakuwa sahani ya mgeni." Na Menashi alishukuru kwa hilo, maana kwa miaka minne alikuwa amekataa mialiko yote. Kila Pasaka alikula peke yake, yai na mkate usiotiwa chachu, mgongo wima. Huruma ya watu ina chumvi nyingi, haimezeki.

Sasa zilibaki siku mbili, na jibu lilikuwa halijaja.

Badala yake ilikuja gari nyeupe.

Alishuka Ilana, binti wa Salha, anayeishi Tel Aviv kwenye mitaa yenye miti iliyokatwa kwa mstari. Akashuka mumewe Gadi, karani wa benki, mnene mwenye uso wa kupendeka, na wajukuu wanne wa kike wenye njaa kama nzige. Kila mwaka hufika siku hii kusaidia. Na kila mwaka Salha huwachemshia viazi vingi, maana jiko likishafungwa kwa Pasaka, mkate hauingii tena. Leo viazi vilikuwa ndani ya sufuria kavu, na mwenyewe alikuwa barabarani na ndoo mbili.

Menashi aliwatazama wale watoto wakinusa. Akachukua mbao mbili za kazi yake, akazilaza juu ya ngazi zilizolazwa chini, akatandika magazeti.

"Kaeni," akasema. "Msimwage. Anayemwaga anafagia."

Ilikuwa kube, madonge ya ngano iliyovunjwa yaliyojazwa nyama na vitunguu, yakielea kwenye mchuzi wa bitiruti mwekundu kama vazi la bibi harusi. Gadi alikula ya kwanza kwa adabu. Ya pili alifumba macho. Ya tatu alisahau kuwa ana mke.

"Ilana, njoo uonje. Haki ya Mungu, sijala kube hivi tangu..."

"Tangu lini?" Ilana aliuliza. Alikuwa amesimama, miwani ya jua kichwani, kitambaa cha hariri cha kijani shingoni.

"Tangu nizaliwe," Gadi akasema, akajua amekosea, akaongeza ya nne.

Ilana alimsogelea Menashi karibu na sufuria kubwa, mvuke ukiwa katikati yao.

"Mzee Menashi, tusizungushane. Mama ameniambia."

"Kakwambia nini?"

"Kwamba umemposa."

"Nimemposa. Si siri. Hata chokaa ya ukutani mwake inajua."

"Baba yangu alikuwa mkuu wa makarani. Alivaa tai mpaka siku aliyolazwa."

"Namkumbuka. Nilipopiga lipu baraza lenu, alinishikia ngazi huku tai imemning'inia. Mtu mwema sana. Ngazi ilitikisika, lakini mtu mwema."

Ilana hakutabasamu, ingawa ilimgharimu kidogo. "Watu watasema mama kaolewa na fundi ili apate mtu wa kumzibia kuta."

"Waambie kuta nilishaziba. Hazina ufa. Kwa hiyo lazima kuna sababu nyingine."

"Ipi?"

Menashi aligeuza upawa ndani ya maji yanayochemka, akautoa kwa vidole vitupu, akaukung'uta. Vidole vyake vilishachomwa na chokaa tangu ujana; moto ulikuwa haumwambii kitu tena.

"Sababu hiyo muulize yeye," akasema. "Mimi nimeingoja tangu mvua. Ikifika, nitapenda kuisikia na mimi."

Hapo ndipo Salha alipotokea kwenye kona ya jengo, ndoo mbili zimemvuta mabega. Aliona magazeti. Aliona midomo myekundu ya wajukuu wake. Akasimama.

"Nani kakutuma ulishe watu wangu?"

Menashi aliusikia ule uchungu ndani ya sauti. Mwanamke huyu alikuwa amelisha watoto watatu ndani ya hema la wahamiaji, mvua ikiingia na wakubwa wakigawa mablanketi mafupi, na hakuna mtoto wake aliyewahi kulala akinusa chungu cha jirani. Kumlishia familia bila kumuuliza ni kama kumvua kitambaa cha kichwa.

Akaushusha upawa.

"Nisamehe, Mama Ilana. Ngano ilinibaki, na keshokutwa asubuhi cha chachu kitakachobaki kitachomwa. Marsel hakutupa chakula hata siku moja. Nikawaomba watu wako wanisaidie nisimwaibishe. Wamenifanyia hisani."

Salha alimtazama. Wale watoto waliacha kutafuna. Kisha mabega yake yakashuka, si kwa sababu ya ndoo.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Mpelekee mama mkwe, Bibi Khatun, juu, ana njaa tangu asubuhi na atanitukana mpaka Pasaka ijayo. Ale barazani, juu ya gazeti, wala asiingie nayo ndani. Mimi narudi kwenye boza, nina ndoo nyingine mbili huko kwenye foleni."

"Nitapeleka mimi," Ilana alidakia. Akavua kile kitambaa cha hariri, akashikia nacho masikio ya sufuria ya kube, akaipeleka ngazini kama mtu anayeondoa ushahidi. Menashi aliokota mkate na bakuli alivyovisahau Ilana, akamfuata taratibu, maana goti lake halipendi ngazi.

Simu ililia akiwa katikati ya ngazi. Akasikia viatu vya Ilana vikikimbia, simu ikapokewa, sauti yake ikisema, "Hapana, mama hayupo." Alipofika mlangoni, aliona kupitia mlango wa jikoni ulio wazi.

Sufuria ilikuwa juu ya marumaru.

Ile marumaru nyeupe ya meza ya jikoni ambayo Salha aliisugua siku tatu, akaimwagia maji ya moto, akaikausha kwa shuka. Sufuria ya ngano, moto, inatoa mvuke, imekaa katikati yake kama mfalme. Ilana alikuwa ukumbini na simu mkononi, amegeuka, naye ameiona sasa. Uso ulimwisha damu. Aliitupa simu, akakimbia kuiinua, na chini yake pakabaki duara jekundu, duara kamili, kama limechorwa kwa bikari.

"Niliweka tu," alinong'ona. "Mikono ilikuwa inaungua. Simu... niliweka tu."

Nyuma yao ndoo ziligusa sakafu.

Salha hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alitazama duara. Alitazama sufuria, ambayo kwa wakati huo Menashi alikuwa ameshamnyang'anya Ilana na kuishika yeye.

"Nani?"

Ilana alifungua kinywa.

"Mimi," Menashi akasema.

"Wewe uliingia jikoni kwangu."

"Niliingia."

"Miaka saba hujawahi kuvuka kizingiti hicho bila ruhusa, hata siku ya kuziba ukuta uliiomba mara mbili. Leo uliingia na sufuria ya ngano."

"Ilikuwa inaniunguza mikono."

Salha aliitazama ile mikono. Ilikuwa imeikumbatia sufuria ya moto, bila kitambaa, imetulia kama imeshika paka. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha macho yake yakapita juu ya marumaru, yakasimama mahali fulani, yakarudi.

"Toka, Baba Naji," akasema polepole. "Kama desturi, mchana na usiku mzima hakuna atakayeigusa hii marumaru. Sitapika, sitaweka hata limau. Kesho saa saba uje na maji yako na jiwe lako. Aliyechafua ndiye atakayesafisha."

Akashuka. Ilana alimkuta Menashi kwenye ngazi, chini ya taa isiyowaka ambayo kamati ya jengo huahidi kuibadilisha kila mkutano.

"Kwa nini?" alimuuliza. "Alikuwa akupe jibu. Sasa hatakupa."

"Inawezekana."

"Basi kwa nini?"

Menashi aliisawazisha sufuria mikononi. "Mimi nikikosa jibu, nitarudi nyumbani kwangu. Wewe ukigombana na mama yako siku mbili kabla ya Pasaka, utarudi wapi?"

Hakungoja asikie. Bibi Khatun, mama wa marehemu mume wa Salha, mwenye miaka themanini na minane, alikuwa anapiga kelele barazani kwamba kama wameamua kumuua kwa njaa waseme.

Siku hiyo ilikuwa ndefu kwa Menashi. Alichovya vyombo vya majirani, akajibu mizaha yao nusu nusu. Mara kwa mara alitazama juu. Baraza lilikuwa na shuka zinazokauka tu. Alijiambia kuwa hajuti. Kisha akajiambia tena, kama mtu anayepiga lipu tabaka la pili kwa sababu la kwanza limeonyesha tofali.

Jumatano, saa saba mchana, alipanda. Alikuwa amenyoa. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na yeye mwenyewe, mikunjo miwili imekosea njia. Koleo mkononi, na kwenye koleo jiwe alilolichoma tangu asubuhi mpaka likawa linatema mwanga. Nyuma yake Gadi na birika mbili za maji yanayotokota, jasho likimtiririka.

"Kwa idhini yako," alisema kizingitini.

"Ingia."

Kuna kazi ambazo mtu anazifanya, na kuna kazi zinazomfanya mtu awe alivyo. Menashi aliliweka jiwe juu ya marumaru, akamimina maji juu yake, na maji yakaruka, yakachemka tena papo hapo juu ya jiwe, yakatambaa huku yanavuma. Akalisogeza jiwe shubiri moja, akamimina. Shubiri nyingine, akamimina. Hakuruka hata upana wa ukucha. Mvuke ulijaa jikoni mpaka dirisha likalia machozi. Alipomaliza, marumaru ilikuwa inang'aa kama siku iliyotoka machimboni, na lile duara jekundu lilikuwa halipo hata kwenye ndoto.

Aligeuka. Salha alikuwa ameegemea mlango, mikono imefungwa kifuani, na machoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Menashi hakukiona kwa mwanamke yeyote tangu Marsel. Hakikuwa huruma. Huruma anaifahamu kwa harufu. Salha alikuwa anamwonea fahari.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Nishuke, watu wananingoja na vyombo."

"Gadi atachovya."

"Mimi?" Gadi akauliza.

"Wewe. Shuka." Akamgeukia Menashi. "Njoo sebuleni."

Sebuleni meza ilikuwa imetandikwa shuka jeupe. Bibi Khatun alikuwa kichwani mwa meza na miwani mbili, moja juu ya nyingine. Ilana alikaa pembeni, macho yamevimba. Katikati ya shuka palikuwa na kilima cha mchele.

"Kaa," Salha alisema, akasukuma fungu moja mbele yake. "Uchague."

Menashi hakukaa. Damu ilimpanda masikioni. Kwao Baghdad walikozaliwa, na kwa mama zao kabla yao, mchele wa Pasaka huchaguliwa punje kwa punje, mara tatu, ili pasijifiche hata chembe moja ya ngano. Na unachaguliwa na wa nyumbani. Mgeni huletewa ukiwa umeiva.

"Mama Ilana," alisema, "huu si mchele wa mgeni."

"Najua mchele wangu. Lakini kabla hujakaa, rudia ulichosema jana. Kwamba sufuria ilikuunguza."

"Iliniunguza."

Bibi Khatun alikohoa kicheko. "Huyu? Huyu juzi alitoa upawa wangu kwenye maji yanayotokota kwa vidole, akaniuliza kama nina chumvi."

"Ni mimi, mama," Ilana akasema.

"Najua ni wewe. Kitambaa chako kilikuwa juu ya marumaru. Nilikuwa nataka kuona utakaa na kosa hilo muda gani."

"Sijalala."

"Vizuri. Marehemu baba yako angelala." Salha alimpitishia mkono nyweleni, mara moja, kwa nguvu. "Ulikuja kuniambia fundi lipu hanifai. Basi nimekusikia. Na wewe umeona mtu aliyetupa jibu lake dirishani ili wewe usikose Pasaka yako. Sasa niambie anayenifaa amekaa wapi, tumwite."

Ilana alifuta pua. Alimtazama Menashi, lile shati lenye mikunjo iliyopotea, zile kucha zenye weupe usiotoka.

"Baba Naji," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "kaa, mchele hautajichagua."

Akakaa.

Walichagua mara ya kwanza wakizungumza. Walichagua mara ya pili wakinyamaza, na vidole vya Salha vilipokuwa vinasukuma punje zilizo safi upande wa kulia, vilipita karibu na vyake, vikachelewa. Menashi alikuwa amesahau kuwa mkono unaweza kusikia. Moto haukumwambia kitu kwa miaka arobaini. Kidole cha Salha kilimwambia yote.

Mara ya tatu, Bibi Khatun akiwa anasinzia, Ilana ameshafunga fungu lake, na Salha anavua miwani, akisema mchele umeshakuwa safi, Menashi alisimamisha kidole.

"Ngoja."

Aliichomoa polepole kutoka katikati ya weupe wote ule. Punje moja ya ngano, nyembamba, imejilaza kama mchele, imepita macho ya wanawake watatu mara mbili. Aliiweka kwenye kiganja cha Salha.

Salha aliitazama. Akaifunga ngumi.

"Jicho la fundi lipu," alisema. "Basi utakuwa unachagua wewe. Kila mwaka."

"Kila mwaka," Menashi akajibu, na ikabidi atazame dirishani.

Ilana aliinuka, akakigusa kiti kikubwa kilichokuwa kwenye kona, kiti cha baba yake, kama anayejiuliza. Menashi alitikisa kichwa.

"Hicho ni cha mwenyewe. Mimi nina changu."

Akashuka. Aliingia kwake, akamwambia Marsel maneno mawili mbele ya picha yake, akachukua kiti alichokitengeneza kwa mikono yake mwaka waliooana, akakibeba kichwani. Akapita nacho katikati ya ua, jua kali, mbele ya foleni nzima ya majirani na vyombo vyao, huku Gadi akiwa ameunguza vidole vitatu na kuzama mvukeni.

"Menashi, unahama?" mmoja alimtania. "Au hatimaye mtu amekuhurumia, umealikwa kwenye Pasaka?"

Menashi hakupunguza mwendo. Alinyoosha mgongo chini ya kile kiti.

"Sijaalikwa," alisema. "Nimechagua mchele."

Mwanamke mmoja nyuma kabisa ya foleni akapiga kigelegele, na juu, kwenye baraza la ghorofa ya kwanza, Salha alitoka akafungua mlango wote.